Niliuza nishani ya babu kwa shilingi 40

SIRI ya mtungi, wahenga walinena, aijuaye kata. Siri ninayokusimulia leo, mpenzi msomaji, kwa miaka mingi nilidhani inajulikana na watu wawili tu, mimi na babu yangu. Babu alifariki mwaka 2005. Nami nimeonelea niitue sasa, kwani mzigo wa siri haupungui kwa kubebwa.

Mwaka 2000, nikiwa darasa la sita katika shule moja ya msingi huko Machakos, niliiba nishani ya vita ya babu na kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Alinipa shilingi 40.

Si kwamba nilikuwa na njaa. La hasha! Timu ya darasa letu ilikuwa imeamua kununua mpira wa ngozi na kila mchezaji alitakiwa kuleta shilingi 50. Nilikuwa na shilingi 10 nilizozipata kwa kuuza maembe. Zilizobaki nilizitafuta kwenye mkebe wa Kimbo uliokuwa chini ya kitanda cha babu, mkebe ambao sisi wajukuu tulikatazwa kuugusa.

Ndani yake mlikuwa na nishani nne zilizofungwa kwa kitambaa. Moja ilikuwa ya mviringo yenye kichwa cha mfalme. Tatu zilikuwa nyota za pembe sita, rangi ya shaba. Nilichukua nyota moja kwa kuwa zote zilifanana, nikadhani babu hatatambua. Yule mnunuzi, aliyezunguka vijijini na baiskeli yake na mizani, aliigeuzageuza, akaiuma kwa meno, kisha akaitia mfukoni badala ya kuitupa guniani pamoja na masufuria yaliyotoboka. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Mpira wenyewe ulidumu wiki mbili. Ulianguka kwenye miiba ya mgunga, ukapasuka.

Aibu ya mjukuu

Lakini kuna jambo ambalo ni gumu kulisema kuliko wizi huo. Nilimwonea babu aibu.

Kwa desturi ya Wakamba, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Hivyo basi, mimi na babu tulikuwa na jina moja. Yeye aliniita "wajina". Nyanya naye aliniita "mume wangu" na kunitania mbele ya wageni hadi nikimbilie nyuma ya nyumba. Sasa, ukiwa na jina la mtu, sifa zake ni zako na aibu zake pia ni zako.

Muhula huo mwalimu alikuwa ametufundisha jinsi wakoloni walivyoitwaa nchi hii. Tulijifunza kuhusu King's African Rifles, au KAR, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Tuliambiwa kwamba ndilo lililotumiwa kuwapiga Wanandi mwaka 1905 na Wagiriama mwaka 1914, na ndilo lililotumwa msituni kuwasaka Mau Mau baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952. Yote hayo ni kweli. Ndipo mwenzangu mmoja alipoinua mkono. "Mwalimu, babu yake huyu alikuwa KAR!"

Darasa zima liligeuka kunitazama. Jioni hiyo njiani waliniita kibaraka. Nami nikajiambia kwamba nishani za kibaraka hazina thamani.

Babu mwenyewe hakunisaidia. Alikuwa mzee mkimya. Mbuzi wake aliwachunga kwa amri za kambini, "Geuka kulia!", "Simama!", na sisi tulicheka hadi mbavu zikauma. Lakini habari za vita hakuzitaja. Jambo moja tu lilitushangaza. Mvua iliponyesha usiku na kupiga mabati, babu alitoka kitandani, akavaa koti lake refu na kuketi kwenye kigoda mlangoni hadi mvua ilipoanuka. Tulidhani analinda mbuzi.

Nyota moja yapotea

Kila mwaka, Jumapili moja ya mwezi wa Novemba, wazee waliopigana vitani walikuwa na desturi ya kukutana mjini kuwakumbuka wenzao waliokufa. Siku hiyo babu alivaa koti lake akaufungua mkebe. Mimi nilikuwa uani nikijifanya napasua kuni. Nilisubiri kelele. Hazikuja. Babu alitoka na nishani tatu kifuani, akaniangalia kwa muda, kisha akaenda zake kupanda matatu.

Aliporudi jioni aliniita. Nilikwenda magoti yakigongana.

"Wajina, uliiuza kwa pesa ngapi?"

"Shilingi arobaini, babu."

Aliinama kwa muda mrefu. Kisha akacheka kicheko ambacho sikukielewa. "Basi wewe ni hodari kuniliko," akasema. "Mimi Mwingereza hakunilipa hivyo."

Hakunichapa. Aliniambia tu nilete kigoda niketi. Adhabu aliyonipa ilikuwa kumsikiliza, jioni baada ya jioni, likizo yote ya Desemba.

Kutoka Machakos hadi Burma

Babu hakuanza na bunduki, alianza na ng'ombe. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba wapunguze mifugo, ikidai kwamba ardhi imechakaa. Ng'ombe walitwaliwa na kupigwa mnada. Wakamba kwa mamia walitembea hadi Nairobi kulalamika wakiongozwa na Muindi Mbingu, yule ambaye leo barabara moja ya jijini inaitwa kwa jina lake. Amri ililegezwa, lakini Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu. Baba yake babu alikuwa katika msafara huo. Alirudi nyumbani miguu imevimba, na zizini mlikuwa na ng'ombe wasiotosha mahari ya mwana mmoja.

Mwaka uliofuata vita vikazuka Ulaya. Wako watu wanaosema kwamba vijana wa Kiafrika walikwenda vitani kwa kumpenda mfalme. Babu alikuwa na umri wa miaka 20 hivi, na alichokitaka ni mahari. Mwaka 1940 aliweka alama ya kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Wengine hawakupewa hata nafasi ya kuamua, kwani machifu walitakiwa kutoa vijana, nao wakawatoa. Vita vilipokwisha, Waafrika wapatao 98,000 kutoka Kenya walikuwa wameingia jeshini.

Mapema mwaka 1941 walivuka mpaka na kuingia Somalia iliyokuwa chini ya Waitalia. Mogadishu ilitekwa mwezi wa Februari na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Babu alikumbuka baridi ya milima ya Ethiopia, na alikumbuka mateka wa Kiitalia wakipita kwa mistari mirefu.

"Hapo ndipo nilipomwona Mzungu akimwinulia Mwafrika mikono," alisema. "Jambo kama hilo ukishaliona huwezi kulisahau."

Mwaka 1943 walipakiwa melini bandarini Kilindini wakapelekwa Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, kufunzwa vita vya msituni. Begani walikuwa na alama ya kichwa cha kifaru. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki.

Kabla ya kuondoka, babu aliagana na rafiki yake wa utotoni, kijana wa ng'ambo ya mto ambaye walitahiriwa pamoja na kujiandikisha pamoja. Rafiki huyo alikuwa amepelekwa kikosi cha mizinga. Waliahidiana kukutana Ceylon.

Februari 1944 kikosi hicho, Rejimenti ya 301, kilipanda meli iliyoitwa Khedive Ismail. Jumamosi ya tarehe 12, meli ikiwa imekaribia visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa makombora. Ilizama kwa muda usiotimia dakika tatu. Kisha manowari za Waingereza zikaanza kulipua mabomu majini zikiitafuta nyambizi, ilhali kulikuwa na watu waliokuwa bado wakielea. Watu 1,297 walikufa siku hiyo. Kati ya waliokuwa wameipanda meli hiyo, 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301.

Babu alisubiri Ceylon. Miezi ilipita kabla ya habari kumfikia. Yule rafiki yake hakuwa ameoa.

Mwezi wa Agosti 1944 divisheni yao iliingia Burma, ambayo leo huitwa Myanmar, ikiwafukuza Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kupitia bonde la Kabaw. Wanajeshi walilibandika bonde hilo jina la Bonde la Mauti. Mvua za huko si mvua za Ukambani. Magari yalizama matopeni na chakula kikawa kinaangushwa na ndege kwa miavuli. Ili kuzuia malaria, walimezeshwa vidonge vya manjano hadi viganja vyao vikageuka rangi. Usiku ndio uliokuwa mbaya zaidi. Sauti ya mvua ilifunika nyayo za Mjapani, na aliyelala huenda asingeamka.

Babu hakuongeza neno hapo. Wala mimi sikuhitaji kumwuliza tena ni kwa nini mvua ya usiku ilimtoa kitandani.

Desemba walifika Kalewa, kando ya mto Chindwin. Hapo wahandisi walijenga daraja la vyuma lenye urefu wa zaidi ya mita 350, ambalo lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake wakati huo. Ajabu ni kwamba babu alijivunia daraja hilo kuliko risasi yoyote aliyoipiga. "Tulivuka," alikuwa akisema, kana kwamba neno hilo lilitosha kueleza vita vyote.

Malipo ya ushujaa

Alirudi nyumbani mwaka 1946. Alikuja na koti refu, nishani zikamfuata baadaye, na pesa za kumaliza utumishi zikatosha kumtolea nyanya sehemu ya mahari. Hazikutosha zaidi ya hapo. Hata mwezi haukuisha kabla ya polisi mmoja kumsimamisha mjini na kumdai kipande, kile cheti ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nacho kama mbwa mwenye kengele shingoni. Mtu aliyekuwa amevuka Chindwin alilala rumande kwa kusahau karatasi nyumbani.

Babu hakuwahi kuiona hesabu iliyotumiwa kumlipa. Mimi niliisoma mwaka 2019, miaka 14 baada ya kumzika, wakati wanahabari walipofichua nyaraka za zamani za Uingereza. Mwanajeshi Mzungu wa cheo cha chini alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia vitani. Mwasia wa cheo hicho alihesabiwa shilingi 5. Mwafrika alihesabiwa shilingi 3 na senti 50. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka kicheko cha babu, na safari hii nilikielewa.

Je, babu alikuwa kibaraka? Nilijiuliza swali hilo kwa miaka mingi. Waruhiu Itote alikuwa KAR, akapelekwa Burma kama babu. Aliporudi aliingia msituni na kuwa Jenerali China wa Mau Mau. Wako pia waliobaki jeshini wakatumwa kuwawinda akina Itote. Babu hakuwa huku wala kule. Mwaka 1953 chifu alimjia akimtaka arudi jeshini, kwani watu wenye ujuzi walikuwa wakitafutwa. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mvua niliyonyeshewa yatosha." Kwa jibu hilo alinyimwa kazi ya serikali aliyokuwa akiitumainia, ya ukarani msaidizi wa soko. Akarudi kwa mbuzi wake.

Laiti ningalijua hayo siku ile darasani! Lakini jibu nilipolipata, hakuna aliyeniuliza tena.

Majina ukutani

Nilikuja Nairobi kusomea uandishi wa habari miaka mitatu baada ya babu kufariki. Kila asubuhi nilipita kando ya sanamu ya maaskari katika Kenyatta Avenue, ile ya wanaume watatu wa shaba iliyosimamishwa mwaka 1928 kwa ukumbusho wa waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja wao ni mpagazi. Chini kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanayowaahidi wanajeshi kwamba hata wakifa, wana wao watayakumbuka majina yao.

Ahadi nzuri. Ila walioitoa hawakuitimiza. Mnamo Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa kutokana na vita vile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Sisi wenyeji wa jiji twaenda Kariokor kununua vikapu na kula nyama choma, na ni wangapi wetu hukumbuka kwamba Kariokor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao?

Vita vya Pili viliandika majina zaidi. Siku moja nilikwenda katika makaburi ya vita yaliyoko Ngong Road, ambako pana ukuta wenye majina ya waliozama na Khedive Ismail. Nilimtafuta yule kijana wa ng'ambo ya mto. Nilikuta majina mawili yanayofanana na lake. Hayasemi huyu ni wa kijiji gani wala yule ni mwana wa nani. Niliyagusa yote mawili, nikaondoka.

Kisha, miaka michache iliyopita, katika duka moja la vitu vya kale jijini, niliona nyota ya shaba yenye pembe sita imelazwa kwenye sahani pamoja na sarafu. Iliandikwa kwa Kiingereza kuwa ni nyota ya Burma. Moyo ulinipiga. Niliigeuza nyuma nitafute jina. Hapakuwa na jina. Nishani hizo za Waingereza hazikuchorwa jina la aliyepewa. Kwa hivyo huenda ilikuwa ile ya babu, na huenda ilikuwa ya babu wa mtu mwingine, iliyotolewa chini ya kitanda na mjukuu mwingine aliyetaka mpira. Mwenye duka alitaka shilingi 6,000. Nililipa bila ya kupatana bei.

Wikendi hiyo nilisafiri nyumbani nikamwekea baba nyota mezani. Nikamwambia yote. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, na bado sauti ilinitetemeka.

Baba aliishika ile nyota, akaitazama. "Mzee aliniambia wiki ile ile ulipoiuza," akasema. "Aliniapisha nisikuguse. Alisema nishani ile haikuwa na jina lake, na jina lake unalo wewe."

Miaka yote hiyo! Kumbe kata zilikuwa mbili.

Baba alinirudishia nyota. "Hii si yake," akaongeza. "Lakini iweke. Huenda mwenyewe hana wa kumwekea."

Ndugu msomaji, sikuandika haya ili tuwasujudie waliovaa sare za mkoloni, wala ili tuwatukane. Babu hakutaka lolote kati ya hayo mawili. Naandika kwa sababu katika nyumba nyingi za jiji hili kuna picha ya mzee mwenye kofia ya jeshi, imetundikwa ukutani au imefichwa ndani ya Biblia, na watoto hawajui ni nani. Waliopigana vita vile wamekaribia kwisha wote. Lakini wana wao, yaani wazazi wetu, bado wako. Wewe mwanafunzi unayefunga shule, ukifika mashambani mwulize shangazi, mwulize baba mkubwa. Mzee wetu alikwenda wapi? Alikwenda na nani? Nani hakurudi? Andika, hata kama ni kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la hesabu. Usingoje kuuza cha watu ndipo usimuliwe kama nilivyofanya mimi.

Mwanangu wa kwanza ana jina la baba yangu, kama desturi inavyotaka. Jina la babu litamruka na kumngojea mwanawe. Kwa sasa mkebe wa Kimbo uko nyumbani kwangu. Ndani yake mna nyota tatu na nishani ya mviringo, na karatasi moja yenye majina mawili. Moja ni la babu, ambalo ndilo langu. La pili ni la yule kijana wa ng'ambo ya mto, ambaye hakuacha mjukuu wa kumwita wajina.